Kondomu imepasuka siku ya 18 ya mzunguko: je, ni siku salama?

SWALI: Shikamoo mama mkunga. Nina miaka 26, ninaishi Nkuhungu hapa Dodoma na ninauza duka la vifaa vya ofisi. Mchumba wangu ni dereva wa lori la mizigo na hurudi nyumbani kila baada ya wiki mbili hivi. Tunatarajia kufunga ndoa mwakani baada ya Pasaka, kwa hiyo kwa sasa hatutaki mtoto. Jana Jumapili tarehe 12 Oktoba, kama saa nne usiku, kondomu ilipasuka na hatukujua mpaka tulipomaliza. Hedhi yangu ya mwisho ilianza tarehe 25 Septemba. Programu ya kwenye simu inasema siku zangu za hatari ni kuanzia ya 11 hadi ya 16, na jana ilikuwa ya 18, ambayo inaandikwa kuwa salama. Nilijiosha ndani kwa maji ya chumvi. Rafiki yangu mmoja ananiambia nimeze P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, mwingine anasema P2 inaharibu kizazi. Mchumba wangu anasema safari nyingine atamwaga nje, maana hizo kondomu hazina faida. Je, ninaweza kuwa nimeshika mimba, na tufanyeje?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nakujibu usiku huu huu wa Jumatatu kwa sababu katika jambo lako saa zinahesabika, na kwa sababu kesho Jumanne ni Siku ya Nyerere, ambapo kliniki nyingi za uzazi wa mpango hufungwa ilhali maduka ya dawa na idara za dharura za hospitali huwa wazi. Nitaanza na la kufanya, kisha nikueleze sababu zake kwa utulivu.

Usiku huu, kama lipo duka la dawa lililo wazi karibu nawe, nunua P2 uimeze. Kama yamefungwa, iwe kazi yako ya kwanza kesho asubuhi kabla hata ya chai. Kesho hiyohiyo nenda idara ya dharura ya hospitali, ukiwa na mchumba wako kama hajaondoka, ueleze kwamba kondomu ilipasuka na uombe kushauriwa kuhusu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Na Jumatano asubuhi, kliniki zikifunguliwa, nenda kwenye kitengo cha afya ya uzazi na mtoto cha kituo cha afya au hospitali yoyote ya serikali ukaulizie kitanzi cha shaba, kile ambacho wengi tumezoea kukiita lupu.

Sasa nirudi kwenye ile siku ya 18, kwa sababu hapo ndipo lilipo kosa linalowapata wanawake wengi ninaowahudumia, wenye elimu na wasio nayo. Tumezoeshwa kuhesabu kwenda mbele: siku ya kwanza ya hedhi, ya pili, ya tatu, mpaka ya 14, ambapo tunaambiwa yai hutoka. Lakini mwili haupangi hesabu yake hivyo. Kipindi kisichobadilika sana ni kile cha kutoka yai linapopevuka hadi hedhi inayofuata, ambacho kwa wanawake wengi ni kama siku 14. Kipindi cha kabla ya hapo ndicho kinachovutika na kufupika, kwa safari, kwa ugonjwa, kwa msongo wa mawazo, na wakati mwingine bila sababu unayoweza kuitaja. Maana yake ni kwamba siku ya yai kutoka huhesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka kwenye hedhi ijayo, na hedhi ijayo hakuna aliyeiona. Mwanamke huzijua siku zake salama kwa uhakika zikiwa zimeshapita.

Nilipopata ujumbe wako nilikuomba tarehe za hedhi zako, nawe ukanitumia za mizunguko sita iliyopita: siku 27, 34, 29, 31, 26 na 30. Ukizijumlisha na kuzigawa kwa sita unapata 29 na nusu, na bila shaka hicho ndicho ilichokifanya programu yako, ikachukua wastani na kukuchorea siku za hatari kana kwamba kila mwezi wako ni wa wastani. Ila katika miezi yote hiyo sita hakuna hata mmoja uliokuwa na siku 29 na nusu. Toa 14 kwenye kila mzunguko uone: katika ule wa siku 26 yai lilitoka karibu na siku ya 12, na katika ule wa siku 34 lilitoka karibu na siku ya 20. Kuna tofauti ya siku nane hapo, nawe huna njia ya kujua mwezi huu ni wa aina gani.

Ongeza jambo la pili. Yai likishatoka huishi kwa saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu za kiume zinaweza kukaa hai ndani ya njia ya uzazi ya mwanamke hadi siku tano zikilisubiri. Ndiyo maana sisi tunaofundisha njia ya kalenda hutumia kanuni hii: chukua mzunguko wako mfupi kuliko yote katika miezi sita, toa 18, hiyo ni siku ya kwanza ya hatari, chukua mrefu kuliko yote, toa 11, hiyo ni ya mwisho. Kwako wewe 26 ukitoa 18 unapata 8, na 34 ukitoa 11 unapata 23. Siku zako za hatari ni kuanzia ya 8 hadi ya 23, jumla siku 16, zaidi ya nusu ya mwezi. Siku ya 18 imo ndani kabisa. Kama mzunguko huu utakuwa mrefu kama ule wa siku 34, basi jana ilikuwa siku mbili kabla ya yai kutoka, ambao ni wakati mimba hutunga kwa urahisi zaidi. Kama utakuwa wa siku 30, yai lilikwisha kutoka na kufa kabla ya jana.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, inawezekana. Usichukue neno hilo kama hukumu, maana hata katika siku yenye rutuba kuliko zote, tendo moja huleta mimba kwa takriban theluthi moja ya wanawake au pungufu. Lakini kwa mtu ambaye hataki mtoto mwaka huu, hatari ya kiasi hicho inatosha kumwamsha kitandani.

Kuhusu maji ya chumvi nitasema kwa kifupi. Mbegu za kiume huanza kupita kwenye mlango wa kizazi ndani ya dakika chache, hivyo aendaye kuchota maji amekwisha kuachwa nyuma. Vivyo hivyo kwa kukojoa, kurukaruka, ndimu, na soda. Kujiosha ndani kunaondoa bakteria walinzi wa uke na kukuweka karibu zaidi na maambukizi, kwa hiyo usirudie.

Sasa P2. Dawa iliyomo inaitwa levonogestreli, na kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke mpaka mbegu zilizoko ndani zife. Kama pakiti ina vidonge viwili vya miligramu 0.75, meza vyote viwili kwa pamoja. Kama ni kidonge kimoja cha miligramu 1.5, hicho kimoja kinatosha. Hufanya kazi vizuri zaidi ikimezwa mapema ndani ya saa 72, ambazo kwako zitakwisha Jumatano saa nne usiku, na baada ya hapo nguvu yake hupungua ingawa inaweza kutumika hadi siku ya tano. Ukitapika kabla ya saa mbili kupita, rudia dozi. Ukiwa mnene sana inaweza kuwa dhaifu. Ukiwa unatumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, baadhi ya dawa za kifafa, au dawa za VVU zenye efavirenzi, mweleze mfamasia bila kuficha, kwa sababu dawa hizo huipunguzia P2 nguvu na huenda ukahitaji dozi mara mbili au, bora zaidi, kitanzi.

Elewa vilevile kile ambacho P2 haifanyi. Kama yai lako lilikwisha kutoka, P2 haiwezi kulirudisha. Kama mimba imekwisha kutunga, haiitoi wala haimdhuru mtoto. Haikulindi na tendo la kesho wala la wiki ijayo. Kinyume chake, kwa kuwa imelichelewesha yai, tendo la siku zinazofuata linaweza kuwa na hatari zaidi. Unaweza kupata kichefuchefu, matone ya damu, au hedhi kuwahi au kuchelewa kwa siku kadhaa. Kuharibu kizazi haiharibu. Neno hilo nimelisikia kwa miaka mingi, na mara nyingi linatoka kwa mwanamke aliyeimeza mara tatu kwa mwezi, hedhi yake ikavurugika, akadhani kizazi kimekufa. Kinachoziba mirija ya uzazi na kumnyima mtu mtoto ni kisonono na klamidia visivyotibiwa, ambavyo kwa wanawake wengi havionyeshi dalili yoyote, si usaha, si maumivu ya mkojo. Kama una hofu ya kizazi chako, ipeleke huko.

Kitanzi cha shaba nimekutajia kwa sababu ndiyo njia ya dharura yenye nguvu kuliko zote: kikiwekwa ndani ya siku tano baada ya tendo, huzuia mimba kwa zaidi ya wanawake 99 katika kila 100, hata kama yai limekwisha kutoka. Kwako mwisho wake ni Ijumaa usiku, lakini usingoje Ijumaa. Faida ya pili ni kwamba kinaweza kubaki humo kikikulinda kwa miaka kumi au zaidi, na siku mkitaka mtoto kinatolewa kwa dakika chache na uwezo wa kushika mimba unarudi mara moja. Mhudumu atakupima kwanza aone kama kuna dalili za maambukizi kwenye mlango wa kizazi, kwa kuwa yakiwepo hutibiwa kabla. Miezi ya mwanzo hedhi inaweza kuwa nzito na tumbo kukaza. Hilo nakuambia mapema usije ukashtuka. Ile habari kwamba lupu hupanda hadi moyoni haina njia ya kutokea, maana kizazi ni mfuko usio na barabara ya kwenda kifuani. Mara chache sana hutokea kitanzi kutoboa ukuta wa kizazi wakati wa kuwekwa, ndiyo sababu huwekwa na mtu aliyefunzwa na unarudi kukaguliwa.

Nimekutaka uende idara ya dharura kwa jambo ambalo hukuliuliza. Kondomu ilikuwa inazuia vitu viwili, na ilipopasuka viliachiliwa vyote viwili. Umeniambia kwamba mara ya mwisho mlipima VVU pamoja miaka miwili iliyopita. Simsemi vibaya mchumba wako kwa kuwa ni dereva. Nimewapima walimu, makarani na wachungaji. Nasema tu kwamba majibu ya miaka miwili iliyopita ni ya miaka miwili iliyopita, kwake na kwako. Dawa za kinga baada ya kukutana na hatari lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyokinga vizuri, kisha humezwa kila siku kwa siku 28 bila kuruka. Mkienda wawili, jambo linaweza kuisha hapohapo: akipimwa na kuonekana hana maambukizi, na hakuna mashaka ya karibuni, huenda usizihitaji kabisa. Ikiwa ana VVU lakini anatumia dawa vizuri na virusi havionekani tena kwenye kipimo cha wingi wake, hakuambukizi kwa njia ya ngono. Akiwa ameshaondoka, nenda peke yako, na mhudumu atakupima wewe kwanza na kupima uzito wa hatari. Dawa zinazotumika sasa kwa kazi hiyo, zenye msingi wa dolutegraviri, hazigombani na P2, hivyo unaweza kumeza vyote.

Tuje kwenye hoja ya mchumba wako ya kumwaga nje. Mwambie kwa heshima kwamba njia hiyo ina namba zake. Katika wanawake 100 wanaoitegemea kwa mwaka mzima kama watu wanavyoitumia kweli, kama 20 hushika mimba. Mwanamume anaweza kuchelewa kwa nukta moja tu, na hata ule ute mwembamba unaotangulia unaweza kubeba mbegu. Kwa kondomu ni kama 13 kwa matumizi ya kawaida, na wawili tu kwa wale wanaoitumia sawasawa kila mara. Pengo hilo la kati ya wawili na 13 limejaa makosa ya mikono yetu: kuchelewa kuvaa, kuvua katikati, kukosa kuacha nafasi pale kwenye ncha, na jambo ambalo hapa Dodoma ninalitazama kwa jicho kali zaidi, yaani mahali inapokaa kabla ya kutumika.

Nilipokuuliza pakiti ile ilikuwa wapi, ulinijibu kwamba huwa inakaa kwenye dashibodi ya lori. Hebu fikiria dashibodi ya lori lililoegeshwa juani saa nane mchana, mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, wakati hata usukani haushikiki bila kitambaa. Mpira huo unapikwa kila siku kwa wiki mbili. Pochi ya mfuko wa nyuma nayo ni vilevile, kwa joto la mwili na kukaliwa. Kondomu ziwekwe kivulini nyumbani, kwenye droo au kabati, na achukue chache za safari ndani ya begi la nguo. Kabla ya kufungua, asome tarehe ya mwisho ya matumizi, kisha aibonye pakiti kwa vidole: ikiwa na hewa ndani ni nzima, ikiwa imebonyea au inanata itupwe. Ichanwe kwa vidole, kamwe si kwa meno. Ncha ishikwe kwa vidole viwili kutoa hewa, ndipo ivingirishwe mpaka chini. Baada ya kumwaga atoke uume ukiwa bado umesimama, ameishikilia kondomu pale mwanzoni isibaki ndani.

Kuna kitu kingine ninachopenda kukionyesha badala ya kukisema. Darasani huwa ninaipuliza kondomu kama puto, ninampa kijana mmoja aipapase kwa vidole alivyochovya kwenye mafuta ya kupikia, haya haya ya alizeti yetu ya Dodoma na Singida, na kabla sijamaliza maelezo inapasuka mkononi mwake. Mafuta ya aina yoyote, ya kula, ya mgando au losheni, huudhoofisha mpira wa kondomu kwa muda mfupi mno. Kama panakauka, tumieni kilainishi cha maji kinachouzwa maduka ya dawa. Wala msivae mbili kwa pamoja mkidhani mnajikinga zaidi, maana zitasuguana na kuchanika.

Kwa hiyo sikushauri muitupe kondomu. Nakushauri usiiache ifanye kazi mbili peke yake. Ibaki ikiwalinda na magonjwa, na kazi ya kuzuia mimba ipewe mwenzake. Usipochagua kitanzi, kuna kijiti cha mkononi, ambacho kulingana na aina hudumu miaka mitatu au mitano na hushinda vitanzi vyote kwa uhakika. Kuna sindano ya kila miezi mitatu. Kuna vidonge vya majira. Najua unaweza kujiuliza kwa nini umeze kidonge kila siku wakati mwenzako huja mara mbili kwa mwezi, na wapo wanaovimeza siku ile anapofika tu. Vidonge havifanyi kazi hivyo. Ukiruka siku, yai halikusubiri. Kwa mtu mwenye maisha kama yako, njia inayofanya kazi bila kukumbukwa ndiyo ningeitazama kwanza. Sindano ni nzuri pia, ila kwa kuwa mnaoa mwakani ujue kwamba baada ya kuiacha uwezo wa kushika mimba unaweza kuchelewa kurudi kwa miezi kadhaa, hata karibu mwaka kwa wengine, ilhali kijiti na kitanzi vikitolewa havikucheleweshi. Huduma hizi hutolewa bila malipo kwenye vituo vya serikali, na si lazima uwe na ndoa ili upewe.

Kama imani yenu inawaelekeza kwenye njia za asili, sitakudharau wala kukufukuza. Lakini basi ijifunzeni kwa ukamilifu: kuchunguza ute unaovutika kama ute wa yai bichi la kuku, kupima joto la mwili kila asubuhi kabla ya kuinuka, na kuziacha zile siku zote 16 zipite. Kwa mwanamume anayerudi kila wiki mbili, ratiba ya lori na ratiba ya mwili wako zitagombana mara nyingi, na hilo mlizungumze sasa kabla ya usiku wenyewe.

Weka tarehe hizi kwenye kalenda ya ukutani, si kwenye ile programu. Jumapili tarehe 2 Novemba, wiki tatu kamili baada ya tendo, pima mimba kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi hata kama umeona damu kidogo, kwa sababu kupima mapema kunaweza kukupa jibu la uongo. Tarehe 23 Novemba rudia kipimo cha VVU, na cha kaswende pamoja nacho, kisha urudie cha VVU tarehe 12 Januari. Katikati ya hapo ukiona usaha, kidonda sehemu za siri au maumivu ya mkojo, nenda kituoni. Na ukipata maumivu makali upande mmoja wa chini ya tumbo, kizunguzungu au kuzimia, hata kama ulimeza P2, usiandike ujumbe kwangu wala kwa mtu mwingine. Panda bodaboda, bajaji au chochote kilicho karibu uende hospitali, kwa sababu hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi.